Nimekitangaza Hewani Kifundo cha Mguu cha Mpenzi Wangu

Dada Mwanaheri, shikamoo. Nisaidie kabla sijapasuka, maana tangu Jumapili nacheka peke yangu hadi mama ananiuliza nimekula nini, na papo hapo naona kazi yangu inaning'inia.

Mimi ni mtangazaji wa michezo kwenye televisheni moja hapa Mwanza, kazi niliyoitamani tangu utotoni pale Mkuyuni, nilipokuwa naosha vyombo huku nikiwatangaza kuku wa jirani kama wachezaji, na sasa naifanya kweli, ila nampenda Revocatus, beki wa kushoto wa mojawapo ya timu ninazozitangaza, na nilijiaminisha kuwa sauti yangu haina timu, nikirudi nyumbani najisikiliza kwenye marudio na kujipongeza, kumbe mama alishagundua. "Kija," aliniambia, "huyo kijana akigusa mpira unavuta pumzi. Wenzake hata wakifunga husisimki hivyo."

Basi Jumapili, kwenye nusu fainali, Revocatus akakwatuliwa, akabaki chini, nami nikapaza sauti mbele ya mkoa mzima: "Jamani, kifundo kilekile alichokikanda jana kwa maji ya chumvi!"

Obedi, mtangazaji mwenzangu, akanigeukia taratibu. "Kija, umejuaje?" Hewani, dada! Nikajibu kwamba sisi tunafanya utafiti. Benchi la wapinzani lilikuwa linatufuatilia kwenye simu, likaagiza mipira yote ipelekwe upande wake, akapitwa, wakasawazisha, timu yake ikaponea kwenye penalti.

Nilidhani ameniacha. Akanipigia akicheka: "Mama Utafiti, hujambo?" Kesho yake akaja nyumbani anachechemea, ameshika samaki, sato mkubwa, akamwamkia baba, na baba, ambaye hatujamwambia chochote, akamjibu, "Marahaba. Kifundo kinaendeleaje, mwanangu?" Nilikimbilia jikoni nikajiziba mdomo kwa kanga.

Sasa bosi wangu, Mzee Machibya, ameuamini ule utafiti, amenisifu mbele ya wote na kunipa fainali niitangaze peke yangu, ndoto yangu yote, na anayecheza ni Revocatus. Nikisema ukweli, fainali inakwenda kwa Obedi. Nikinyamaza, je, siwezi kujizuia kwa dakika tisini tu?

Kija, Mwanza

MAJIBU

Marahaba, Kija. Nimecheka hadi chai ikapoa. Sasa tulia nikuseme.

Kupenda si kosa. Kosa ni kwamba Revocatus alikuonyesha maumivu yake kama mpenzi, wewe ukawapelekea wapinzani wake, halafu ukasingizia utafiti, na sasa unataka kupokea fainali kama zawadi ya uongo huo. Mtafiti mzima! Na hapana, huwezi kujizuia kwa dakika tisini. Hata kumi huwezi. Ukijibana usimsifu, utamponda asiyestahili kupondwa, na watazamaji watapata mechi iliyopinda vilevile.

Kesho asubuhi, kabla ya kikao cha kazi, ingia kwa Mzee Machibya umweleze mwenyewe, na usianze na machozi. Mwambie mechi za timu ya Revocatus apewe Obedi, wewe ubaki na nyingine. Atafoka, mwache afoke. Ukisema sasa, wewe ni mtangazaji aliyeteleza. Akija kusikia mitaani baada ya fainali, wewe ni mtangazaji aliyewadanganya watu, na hakuna atakayekupa kipaza sauti tena. Najua inauma, mdogo wangu. Lakini fainali huchezwa kila msimu, na wewe bado binti mdogo.

Revocatus naye aache kuja na samaki tu. Atume wazee wake waje wajitambulishe, maana baba yako si mgeni wa jambo hili kama unavyodhani.

Siku ya fainali kata tiketi, vaa jezi yake, kaa katikati ya mashabiki. Akipanda na mpira, simama upige kelele zote ulizozibana msimu mzima, uruke, umkumbatie usiyemjua. Jumatatu uende kazini, hata kama sauti imekauka.