Shikamoo, Dada Doreen

Ijumaa, jioni. Joto la mtaa huu wa Mchafukoge leo halina adabu, lakini moyo wangu umepoa.

Nimelipiza.

Tangu nianze kazi kwenye chekechea hii ya kutwa, ghorofani juu ya maduka ya vitambaa, Madam Doreen ananiita "dada". Mbele ya wazazi kabisa: "Msiwe na wasiwasi, dada atawanawisha." Hapa mjini kila mtu anajua ni dada yupi anayesemwa: dada wa kazi za nyumbani. Mimi nimesomea malezi ya watoto wadogo, cheti ninacho. Yeye anafundisha asubuhi, wali ukishapakuliwa anachukua mkoba wake anaondoka. Kuanzia hapo darasa ni langu. Nawalaza huku honi zikilia chini, wakiamka nawafundisha kushika penseli, kusubiri zamu, kuomba radhi bila kusukumwa. Halafu yeye anajisifu kwa wazazi, "Mnaona nilivyowanyoosha?"

Nilimwomba kwa upole aniite mwalimu. Akacheka. "Jamani, dada naye!"

Basi.

Wiki nzima, watoto wakishaamka, niliwafundisha salamu mpya kwa wimbo. Niliwaambia ni zawadi ya Madam, wasiseme kwa mtu.

Leo wazazi walikuja kwenye kikao. Madam akaingia na wigi jipya, kapendeza haswa. Watoto wakasimama wote: "Shikamoo, dada Doreeeen! Tunaomba utunawisheee!"

Wazazi waliangua kicheko hadi wengine wakashika mbavu. Madam akatabasamu kwa meno tu. Mimi nilikuwa nyuma nakunja mikeka, nikajifanya sina habari. Ule utamu siwezi kuuandika ukaandikika.

Kisha Nasra, mmoja wa watoto, akanivuta gauni. "Mwalimu, kwani dada ni mtu mbaya?"

"Nani kasema?"

"Mbona wanamcheka?"

Mlangoni alikuwa amesimama dada wa kazi wa nyumbani kwao Nasra, binti anayemleta na kumfuata kila siku kutoka Upanga. Amekumbatia begi la mtoto. Kila kitu alikisikia, na yeye hakuwa anacheka. Akanisalimia vilevile kama siku zote: "Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba, macho yangu kwenye mikeka.

Madam Doreen simwombi radhi, hata alie machozi ya damu. Akiniita dada tena, nina wimbo mwingine. Lakini yule binti ananikabidhi mtoto mwaka mzima sasa, na jina lake silijui. Sijawahi kumuuliza. Siku zote namwita dada.

Jumatatu nitaanzia wapi?