Mashine Imemaliza Hesabu Yangu, Mama Hapokei Simu

Jumatatu, 3 Novemba

Basi limechelewa tena. Thamesmead, hapa London, na mvua, chanda na pete. Nimefika chuoni nimelowa, nikakuta ujumbe wa Profesa anayesimamia utafiti wangu. Ile hatua iliyonigomea tangu nianze shahada ya uzamivu ya hesabu, akili mnemba imeithibitisha. Ameikagua mwenyewe. Ni sahihi.

Nimesoma uthibitisho wote. Mfupi. Mzuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikampigia Mama. Mwalimu wa hesabu mstaafu, ndiye aliyenifundisha kugawanya kwa punje za maharage pale Morogoro. Nani mwingine angeelewa? Hakupokea. Baadaye ukaja ujumbe wa maandishi: "Hatujambo mwanangu, simu inasumbua. Wewe soma tu."

Mama haandiki. Mama hurekodi sauti, ndefu, na jogoo wa jirani akiwika nyuma yake. Lakini zimepita wiki kadhaa sasa, maandishi tu. Simu mbovu, basi. Nimemkumbuka mno.

Jumanne, 4 Novemba

Profesa anataka niongee Ijumaa mbele ya idara nzima. Swali: mashine kuweza hesabu ngumu namna hii, je, ni dalili kwamba inakaribia akili ya binadamu, akili ya kila jambo? Mimi! Aliyenyang'anywa tonge mdomoni ndiye anayeulizwa chakula kilikuwaje.

Jibu ninalo. Hapana. Hesabu ina hakimu: umepata au umekosa. Mashine inajaribu, inaambiwa imekosa, inajaribu tena, haichoki. Maisha hayasahihishwi kwa wino mwekundu. Nimeandika hivyo na roho yangu ikatulia.

Dada Wambui kaivuruga. Ni Mkenya, muuguzi, tunaishi naye nyumba moja. Anasema mimi nataka tu iwe hapana. Eti homa si lazima iwe malaria, lakini hakuna muuguzi anayeona homa kisha akaenda zake kunywa chai. Unapima. Nyoo! Kwake kila kitu ni wodi.

Jumatano, 5 Novemba

Haya, nimepima. Nilitaka mashine ijikwae, nipate kichekesho cha Ijumaa. Nimekaa nikaandika jumbe za sauti za Mama za zamani, neno kwa neno. Nikaongeza hizi za maandishi. Nikaiagiza mashine inijibu kama angejibu yeye.

Kuzisikiliza tu kulinimaliza. Anagomba kuhusu koti langu. Anataka kujua kanisani wananifahamu au nakaa nyuma kama mgeni. Anacheka mwenyewe kabla hajamaliza kusema. Nimelia, sioni haya.

Mashine haikuanza kuandika kama Mama. Ilisema kuna jambo inataka kulitaja, ingawa haina hakika. Huyu wa zamani anakusumbua, anakuuliza, anakugombeza. Huyu wa karibuni anakutuliza tu. Huenda ni watu wawili. Ingekuwa vizuri kumpigia mtu mwingine pale nyumbani.

Nimefunga kompyuta kwa hasira. Kidude hakijawahi kuwa na mama!

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempigia kaka Elia. Nimembana mpaka akasema. Mama amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno hayatoki. Jumbe anaandika Elia, ameketi kando ya kitanda.

Kikao cha familia kiliamua hivyo, Baba Mdogo mwenyekiti. Aliye mbali hapewi habari mbaya. Atachanganyikiwa, ataacha masomo, na bado hana la kufanya. Desturi naijua, kwetu ndivyo. Ila haijawahi kunifika mimi. Nimepiga kelele kwenye simu, Elia akaanza kulia yeye.

Na kusema kweli nilijua. Maswali ya Mama yalikoma, nikayaacha yakome. Uongo ule ulinifaa. Mashine haikuwa na sababu ya kufumba macho.

Nataka nyumbani. Nataka sasa hivi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeongea. Ile hapana yangu nimeiacha mezani.

Nimewaambia hesabu peke yake haikunitisha. Iliniuma, haikunitisha. Kilichonitisha ni kuona jambo la nyumbani kwangu likionwa na kitu ambacho hakuna aliyekifundisha mambo ya nyumbani kwangu. Ni kisa kimoja, na kisa kimoja hakithibitishi lolote, hata mtoto wa shule anajua. Kwa hiyo sijui iko karibu kiasi gani. Ninachojua ni kwamba jibu langu la mwanzo lilikuwa la mtu mwenye woga.

Mzee mmoja aliuliza kama mashine hiyo inaweza kutamani kwao. Nikamjibu haijaniambia, na mimi sijaiuliza. Kisha nikakaa.

Profesa hakuuliza nitarudi lini. Tiketi ya kwenda nyumbani ni ya Jumatano. Jamani, Jumatano ni mbali.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Elia ameweka simu kwenye mto wa Mama, naye Mama amelala. Nasikia anavyopumua. Pumzi nzito, inakwama kidogo, inaendelea. Sikukata. Nimeiweka simu mezani nikaanza kumenya viazi.

Wambui amerudi kutoka zamu na vishindo vyake vya kila siku, mlango, funguo, mifuko, tayari ana la kusimulia. Akaiona simu. Akasikiliza. Akavua viatu pale pale mlangoni, akaja polepole, akachukua kisu kingine.