Nilimzika Mwalimu kwa Kusoma Mstari Mmoja

Shangazi Phelister, pokea salamu kutoka Ziwani, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini.

Mimi ni mwanafunzi wa mawasiliano, mwaka wa pili, na mtandaoni najulikana kwa maneno mazito, nina wafuasi elfu kumi na moja, wengi wananiita Profesa, na ukweli ni kwamba kusoma kwenyewe sisomi sana, napitisha kidole tu, nikiona mstari wa kwanza nishajua mtu anaelekea wapi, halafu naangusha langu kabla wengine hawajaamka. Sasa Jumatatu asubuhi Kavinya, katibu wa kwaya ya kanisa letu, aliweka picha ya Mwalimu Muhonja wa Shauri Moyo, yule aliyenifundisha kusoma darasa la kwanza, amevaa joho jeupe, macho amefumba, na juu yake nikaona "Wapendwa, Mwalimu wetu Muhonja ametuacha", maneno yakaishia hapo, mengine yamefichwa mpaka ubonyeze. Shangazi, joho jeupe na macho yamefumbwa, ningebonyeza nini tena?

Nikaandika tanzia. "Taa ya Shauri Moyo imezimika! Nani sasa atatushika mkono? Nani atatufunza a, e, i, o, u?" Kufika saa nne watu elfu nne walikuwa wameipenda, akina mama wa kanisa wakafika kwa Mwalimu na masufuria na mkaa, wakipiga nduru, akawafungulia mlango mwenyewe, mswaki mdomoni, akauliza ni nani amekufa. Mmoja alizirai. Kaka yake Mwalimu alikuwa ameshapanda basi Kakamega. Ndipo nikabonyeza: "ametuacha midomo wazi! Miaka sabini na mbili na sauti ya kwanza bado anaimba vile! Jumapili msikose."

Hapo ningesema pole yakaisha, lakini Profesa anaombaje msamaha? Nikaandika nyingine: "Tuseme ukweli. Katibu asiyejua kuandika ana haki gani ya kushika kalamu?" Nilijua ninachofanya, darasani tumefunzwa balagha, ukiuliza swali lenye jibu tayari tumboni, watu hulijibu kabla hawajafikiri. Hiyo ikapendwa na elfu sita. Sasa Kavinya anaitwa muuaji wa walimu, akipita soko la Gikomba anazomewa, na Jumapili hii kamati ya kwaya inakaa kumvua ukatibu alioushika miaka tisa. Jana alinitumia ujumbe mmoja: "Ulisoma mpaka mwisho?" Nimeuona, naye anaona nimeuona, sijajibu. Je, nifute zote kimyakimya, ama nitulie Jumapili ipite?

Profesa, Ziwani

*

Profesa wa mstari mmoja,

Jina lako nimelificha. La Kavinya ulilimwaga mtaani, kwa hivyo tusipoteze wino kwa aibu yako. Na barua hii nimeirusha mbele ya foleni kwa ajili yake, usijidanganye.

Woi, hapo kwa mswaki nimecheka, sikufichi. Kisha nikafika kwa Kavinya kicheko kikanikauka. Kutosoma ni uvivu, mwanangu, na uvivu huo nchi nzima tunao, hata mimi kuna barua huwa naruka katikati. Hilo la kwanza ningekusamehe kabla chai haijapoa. La pili ulilifanya macho makavu. Ulikuwa umeshabonyeza, umeshasoma "midomo wazi", na bado ukaketi kumtafutia mwanamke wa watu swali la kumnyonga. Chuoni mnaliita balagha. Kwetu ni uongo, hata ukiuvalisha tai.

Halafu hebu jisikilize. "Ningebonyeza nini tena?" "Profesa anaombaje msamaha?" Anaomba kwa mdomo, kama fundi viatu anavyoomba! Nani alikwambia uprofesa wa Facebook una mlango wa nyuma?

Kufuta kimyakimya, hapana. Ukifuta, Kavinya atabaki na matusi bila ushahidi wa yalikotoka. Kungoja Jumapili ipite, huo ni unyama, na unajua, ndiyo maana umeniuliza mimi badala ya mama yako. Kwanza mjibu Kavinya. Ujumbe wake una jibu la neno moja tu, "Hapana", usiliongezee manukato. Kisha uandike hadharani: Mwalimu Muhonja yu hai. Kavinya hakukosea. Mimi nilisoma mstari mmoja. Nilipojua ukweli, nilimsingizia. Chini yake weka jina lako, lile la kitambulisho. Usiweke swali, usiweke "tuseme ukweli", na usitueleze kizazi chenu kinasumbuliwa na nini. Wafuasi watakukimbia, waache wakimbie.

Kesho uende Shauri Moyo. Kutoka Ziwani ni mwendo wa miguu, lakini barua nzima sijaona mahali umeenda kumwona huyo mwalimu, si akiwa mzima, si akiwa "marehemu". Yale mazuri yote uliyomwandikia, hajawahi kuyasikia kinywani mwako. Mwambie sasa, angali na masikio.

Na Jumapili uwe mbele ya kamati kabla mwenyekiti hajakohoa. Msomee kila mtu tangazo la Kavinya, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, kisha usome yako mawili. Usihutubu. Kaa chini. Wakimvua hata baada ya hapo, usiniandikie tena kwamba ulijaribu. Utakuwa umemvua wewe.

Shangazi Phelister