Thano ya Huku Si Thano ya Kwetu

Pennsylvania, mwisho wa Oktoba

Mpenzi wangu Mama Mumo,

Pokea salamu nyingi za huyu wako aliye mbali. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa na nguvu, mtoto wetu amepona kile kikohozi, na mama yangu kule Mutomo bado anatembea bila fimbo na kumgombeza kila anayepita karibu na mbuzi wake. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na sababu unaijua kwa kuwa wewe ndiwe uliyeniandikia.

Barua yako ilinikuta nikipakia masanduku ya matufaha kwenye lori. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa juu ya sanduku, halafu nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia baba yako, kisha nikakosa mtu mwingine wa kumkasirikia nikabaki na mimi mwenyewe. Yaani neno moja tu ndilo limefanya mzee achukue pasipoti yako na kuifungia kwenye sanduku lake la nguo, na unajua vizuri kwamba kibali chenu cha kuingia huku kinakwisha mwaka ukiisha.

Umeniambia jinsi mambo yalivyokuwa. Mlikuwa mmetoka kanisani, mmekaa nyumbani kwenu Kibwezi, ukawasomea barua yangu kama kawaida. Ulipofika pale nilipoandika kwamba huku thano imefika, majani yanageuka rangi na kuanguka, baba yako akainua mkono na kukuambia ukomee hapo. Hakutaka hata kusikia habari za nyumba tuliyopewa. Mama Mumo, wewe ulisoma kuliko mimi, sasa niambie, ningeandika nini? Kamusi yangu inasema majira haya yanaitwa vuli. Lakini vuli kwetu ni mvua! Ningeandika vuli imefika, ungenicheka, ungedhani nimeshika jembe napanda kunde. Nikaona afadhali niweke neno la nyumbani, lile la kiangazi cha ukame, kwa kitu kinachofanana na cha nyumbani. Nyasi zinakuwa za kahawia, majani yanaanguka, upepo unakausha midomo. Mtu wa Mutomo akiona hayo ataita nini kama si thano?

Ngoja basi nikueleze nilichokiona, ili ukimweleza mzee usikosee kama mimi.

Tangu nilipofika mwezi wa Juni wamekuwa wakinifundisha kazi ya matunda shambani, na mavuno yalipoanza nikapewa kumsaidia dereva wa lori, mzee mmoja mkimya anayeitwa Walter. Tunapanda kaskazini hadi Vermont kuchukua matufaha, tunapita hapa Pennsylvania, tunateremka hadi Virginia kuyashusha, halafu tunarudi. Safari ya kwanza kila kitu kilikuwa cha kijani. Safari iliyofuata, kule juu kabisa, niliona mti mmoja mwekundu katikati ya wenzake. Mwekundu kama udongo wa shamba la baba yako, nakuambia. Nilidhani umechomwa moto, au una ugonjwa. Nikamwonyesha Walter, akaangalia mara moja tu na kuendelea kuendesha.

Tuliporudi, mlima wote ulikuwa hivyo. Mwekundu, wa machungwa, wa manjano, huwezi kuamini kwamba ni miti ya Mungu. Watu walikuwa wameacha magari kando ya barabara wakipiga picha na kucheka na watoto wao. Mimi nilikaa ndani ya lori. Hapa Pennsylvania kulikuwa na manjano kidogo tu kwenye ncha za matawi, na Virginia bado kijani kitupu. Lakini kila tulipopanda tena nilikuta rangi imeteremka. Vijiji nilivyoviacha vya kijani nilivikuta vya manjano, vilivyokuwa vya manjano vimekuwa vyekundu, na kule nilikoona wekundu wa kwanza miti ilikuwa imesimama uchi. Inakuja kusini kila wiki, inakuja huku tunakoishi.

Wewe unajua hiyo ni nini kwa mtu wa kwetu. Ndivyo tunavyoiona ikija. Mutomo inakauka kwanza, mbuzi wanaanza kuteremshwa, halafu tunasikia hata huko kwenu majani yameanza kupungua, hadi inabaki kijani cha kando ya mto peke yake. Mtu haangalii hayo akapiga picha. Anaangalia ghala.

Sasa nitakuambia jambo, na ucheke ukiwa peke yako. Nilinunua maharagwe. Gunia zima. Nikanunua na unga, nikavipanga chini ya kitanda, na kwa muda nikawa nakula mara moja kwa siku ili visiishe. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, mwili wenyewe ulijiamulia. Walter alipokuja kuniita kazini akaliona lile gunia, akauliza kama ninafungua duka. Nilipomweleza hakucheka. Alinipeleka kwenye ghala la shamba, akafungua mlango, nikaona mahindi, viazi, maboga makubwa kama mtungi, na matufaha yaliyojaa hadi juu. Akaniambia huku majani yanaanguka wakati watu wameshiba. Wameshavuna ndiyo maana. Nilisimama pale nikaona aibu na furaha pamoja.

Na jambo lingine la kumwambia mzee: mvua inanyesha. Juzi ilinyesha tangu asubuhi hadi jioni, mvua nzuri ya kutosha kupandia, na badala ya kurudisha majani ikayaangusha. Niliyaona yakishuka na maji. Kwetu mvua ikigusa tu matawi ya miti kule Mutomo, baada ya siku chache yamevaa. Huku mvua ndiyo inayoyavua. Hili sikulipenda, nasema kweli, na bado silipendi, lakini ndivyo lilivyo. Si ukame unaoyaangusha bali ni baridi. Maji yapo, mto haujapungua hata kidogo, na ng'ombe wamenona.

Kwa hiyo, Mama Mumo, nilikuwa tayari kuandika hayo yote, nimalize, nikutumie, pasipoti itoke sandukuni. Nilikuwa nimeshaandika karatasi mbili kwa maneno makali kidogo. Halafu nikasoma barua yako tena pale mwishoni, ulipoandika maneno ya mzee kama alivyoyasema, nami nikazichana zile karatasi.

"Mwambie huyo kijana mimi sikatai yeye. Mimi nakataa thano. Na umuulize hivi: hiyo miti, ameiona ikirudisha majani kwa macho yake, ama ameambiwa tu?"

Najua maneno hayo yametoka wapi. Kabla ya kukuposa, ndugu yangu Muthama alinieleza jinsi baba yako alivyohama kutoka upande wetu wakati wa njaa, akitembea na mkewe na mbuzi wachache kuelekea Kibwezi kwa sababu ya maneno ya watu. Waliambiwa mbele kuna maji. Njiani wakamzika dada yako mkubwa ambaye wewe hukumjua. Hakuwa amepaona huko mbele kwa macho yake. Aliambiwa tu. Mtu kama huyo akiniuliza swali hilo, nitamjibu kwa ukali gani?

Nilimuuliza Walter kama miti hurudi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka. Nimewauliza na wengine, wote wanasema hurudi, mwezi wa Aprili. Lakini mimi nilikuja Juni nikaikuta imeshavaa. Aprili ya huku sijaiona. Ukweli ni kwamba nimeambiwa tu.

Basi jana nilienda mwenyewe kwenye mti mmoja ulio nyuma ya ghala, uliokuwa mwekundu wiki iliyopita na sasa hauna hata jani. Nikafanya vile baba yako hufanya kwa michungwa yake kiangazi kikimalizika, kabla ya kuamua ni upi atang'oa. Nilivuta tawi dogo nikakwaruza ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake kulikuwa na kijani, kibichi, chenye maji. Na pale kila jani lilipochomoka kulikuwa na jicho dogo limefungwa kabisa, gumu kama punje ya mtama. Nilishika ule mti nikalia kidogo, ukitaka kujua.

Nimekata tawi kutoka mti huo. Nimechovya miisho yake kwenye nta ya mshumaa, nikalizungushia kitambaa chenye maji na karatasi ya nailoni, nalo limo humu ndani ya bahasha. Fanya hivi. Mtafute Muthama, muende naye Kibwezi. Yeye ndiye aliyepeleka mbuzi wetu wa mahari kwa baba yako, na mambo ya wakwe hayapelekwi na posta peke yake. Mzee akishakunywa chai, msomee barua hii yote, hata pale penye gunia la maharagwe, hata pale nilipokasirika. Kisha mpe tawi. Tafadhali usilikwaruze wewe kwanza. Mwache afanye mwenyewe, kwa ukucha wake.

Akikuta kijani, aamue kama baba. Najua ataamua vyema.

Akikuta limekauka, usimbishie na usilie mbele yake. Litakuwa limekaa njiani muda mrefu, lakini usimpe sababu hiyo, anazijua sababu za njiani kuliko sisi. Mwambie jibu langu ni hapana, sijaona kwa macho yangu. Nitangoja peke yangu hadi Aprili, nione, nimwandikie yeye mwenyewe. Kibali kitakuwa kimekwisha na tutakaa mbalimbali hadi nimalize mafunzo, na Mumo atakuja kunikimbia kama mgeni. Nimelifikiria hilo na linaniuma sana. Ila sitaki uje kwangu bila radhi ya mtu aliyekwisha kuzika mtoto kwa maneno ya watu.

Msalimie mama yako, mwambie ile kanga aliyonifungia nguo nayo ndiyo shuka langu la juu. Msalimie mama yangu, mwambie ninakula, na asianze kuniwekea mtama. Msalimie Muthama ndugu yangu, najua nimempa kazi nyingine ngumu. Mzee baba yako msalimie kwa heshima zote. Mbusu Mumo pale kisogoni anapopachukia.

Neno la mwisho ni lako peke yako, hili usiwasomee. Nilikata matawi mawili. La pili nimelifunga vilevile, kwa kitambaa kilekile na nta ileile, nikaliweka kwenye droo, ili nijue lenu linaendeleaje huko njiani. Leo kabla ya kuja posta nimelifungua. Nimelishika mkononi, nimeweka ukucha juu ya ganda, na nimeshindwa.

Ni mimi mumeo,
Baba Mumo