Doa Lililopotea Nyuma ya Jua

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta unatembea bila mkongojo, na ile nyonga iliyopasuliwa haikunyimi tena usingizi. Mimi ni mzima. Vidole tu ndivyo vinavyolalamika, maana kiwandani tunashona sare za shule kutwa nzima.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jua. Usicheke. Lile darasa langu la elimu ya nyota linafundishwa na mwalimu mstaafu wa fizikia, tunamwita Bi Darubini. Alituonya kwamba atakayelichungulia jua kwa darubini atapofuka, kisha akatuonyesha namna ya kuangusha taswira yake juu ya karatasi nyeupe. Basi kila saa ya chakula napanda paa la kiwanda na darubini aliyoniazima, kuchora madoa meusi yaliyo usoni mwake. Wenzangu wananitania eti nachora kifungo kilichotobolewa vibaya.

Doa moja, alisema Bi Darubini, lingeweza kuimeza dunia yetu nzima na bado likabaki na nafasi. Nililifuata siku kumi na mbili likisogea kidogo kidogo, likajibana ukingoni, likatoweka. Nilihuzunika kama niliyefiwa. Akaniambia niendelee tu kuchora, huenda likarudi.

Wiki mbili baadaye likachungulia ukingo wa pili. Limepungua, limechakaa, lakini ni lile lile! Jua linajizungusha. Kitabuni nilikuwa nimelisoma hilo na kulipita. Sasa nimelikamata kwa penseli yangu mwenyewe. Nikaketi pale paani nikalia mpaka kengele ya kazi ikapigwa.

Lakini kuna neno linanikaba. Siku ya upasuaji wako nilikupigia simu nikasema msimamizi amekataa kunipa ruhusa. Alinipa, Mama, tena siku tatu. Nilibaki kwa sababu doa lilikuwa nyuma ya jua, nikaogopa litatokea nisipokuwepo. Nawe, kitandani pale, ukaniombea kwa Mungu nipate msimamizi mwenye huruma. Dua ile hainiachi.

Sina kisingizio. Naomba radhi, na najua radhi ya karatasi haitoshi. Ijumaa naanza likizo yangu yote, wiki mbili. Nitakuogesha, nitakupikia, nitakushika mkono kwenye ngazi. Jua watalichora wengine.

Msalimie Baba, na umwambie mdogo wangu anayekusomea barua hii asiruke mstari hata mmoja, hata kama amekasirika.

Ni mimi, binti yako niliyekukosea,
Mshona sare