Safari ya Goa kwa Mama Roza

Jumatatu, 2 Novemba 1970. Maskati
Nadarizi kofia tangu asubuhi. Bado nusu. Kaka yangu Salim kaja na ruhusa zetu za safari. Anakwenda Bombay kununua vitambaa, kisha atanifikisha Goa. Miaka sita naingoja safari hii. Mama Roza, Mgoa aliyekuwa akishona nguo chini ya nyumba yetu Unguja, alituficha mimi na binti yangu Asha siku tisa wakati wa mapinduzi. Tulipopata chombo tuliondoka mbio. Sikumuaga. Hata ahsante sikusema. Naona haya mpaka leo.

Jumamosi, 7 Novemba. Melini
Kichefuchefu. Asha nimemwacha kwa shangazi yake. Salim kauliza Mama Roza anakaa wapi hasa. Nikamwambia karibu na kanisa kubwa lenye mifupa ya walii wao. Karani mmoja Mgoa wa bandari ya Matrah, aliyenambia Mama Roza karudi kwao, hakunipa anwani nyengine.
"Kanisani hatuingii, Zuwena."
Mimi nnaogopa jambo jengine. Mama Roza sasa mtu mzima sana. Pengine nimechelewa.

Alhamisi, 12 Novemba. Goa
Tumeuliza mlango kwa mlango. Nyumba tumeipata. Kufuli. Nimekaa kizingitini nikalia mbele za watu. Jioni jirani kasema yu hai, macho tu hayaoni vizuri, kaenda kwa mpwa wake. Kesho Ijumaa. Ijumaa hakosi kanisani.

Ijumaa, 13 Novemba
Nje, kanisa ni mawe mekundu yaliyochakaa. Ndani dhahabu tupu. Nguzo zimesokotwa kama kamba, malaika wana mashavu ya watoto wachanga, ukuta wa mbele unang'ara mpaka darini. Kulia, juu kabisa, sanduku la fedha lililonakshiwa. Humo ndimo alimo walii. Salim alibaki mlangoni. Mimi niliingia.
Alikuwa benchi la mbele. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka.
"Mama Roza. Mimi Zuwena, wa Unguja."
Akanishika uso kwa mikono miwili. "Na mtoto?"
"Asha mzima. Kanipita kimo."
Akalia kwa sauti, watu wakageuka. Alidhani tumeuawa. Ijumaa zote hizi alikuwa akija hapa kutuombea.
"Walii nimemchosha," akasema. "Leo namshukuru tu."
Nami nikamwambia yangu. Ahsante, Mama Roza. Ahsante kwa siku tisa. Ahsante kwa Asha. Nilipogeuka, Salim kasimama nyuma yetu, viatu mkononi. Akainama akambusu Mama Roza mkono.

Jumapili, 29 Novemba. Maskati
Asha kanikalisha nimsimulie tena. Alitaka kujua Mama Roza alivaa nini, alicheka vipi, alikula nini tulipomrudisha nyumbani. Kisha akatoka. Nyumba kimya. Nimelala mchana, nikaamka laasiri. Kifua chepesi. Alhamdulillahi.