Mama Mkwe na Mshale wa Kimo

Jumapili, Bugolobi

Hatimaye mshale umecheza. Spidomita ya bodaboda niliyoigeuza kuwa kipimo cha kimo leo imeanza kuifuata ndege yangu ya kivita kwenye kompyuta. Waya nimezishika kwa selotepu tu, mtu akizigusa...

Mama mkwe yuko kwetu. Kwa mila ya Kiganda hasemi nami wala hakai karibu nami, kwa hiyo alikuwa akitazama kutoka koridoni. Mimi macho yote kwa adui. Yeye akauona mshale unashuka, akamtuma mke wangu Nakato aje aniambie. Nakato alipofika, nilikuwa nimeshagonga mlima.

Sasa hivi kaniletea ujumbe mwingine: "Mama anauliza kesho unatoka saa ngapi, na ndege inawashwa wapi."